Sauti Iliyopita Mara Moja

Mwizi aliyeingia katika karakana ya Fundi Waya alikuwa wa ajabu. Alikata kufuli, akapita katikati ya vinanda vya umeme ambavyo vijana wa mjini wanavisaka kwa udi na uvumba, akaziacha santuri za disko zilizopangwa hadi darini, akachukua kanda moja tu ya kale iliyokuwa ndani ya bati la biskuti. Kisha akaenda zake.

"Hata redio yangu kaidharau," alisema Fundi Waya.

Inspekta hakucheka. Alikuwa karibu kustaafu, na wizi wa kipuuzi kama huu ulimkera kuliko ujambazi. Jambazi angalau unajua anataka nini.

Mlangoni alisimama mwenye kanda. Alikuwa muuguzi, bado na sare yake, ametoka zamu moja kwa moja. Hakulia. Alikuwa ameshika mfuniko wa lile bati kwa mikono miwili.

"Afande, humo kuna mama yangu," alisema.

"Una maana gani?" Inspekta aliuliza.

Akaeleza. Mama yake alikuwa mwimbaji wa bendi ya disko, enzi zile vinanda vya umeme vilipokuwa vitu vya kushangaza watu. Walirekodi wimbo mmoja. Kabla haujatolewa kwenye santuri, mwimbaji akafariki, akaacha mtoto wa kunyonya. Bendi ikasambaratika. Bibi aliificha kanda chini ya kitanda na hakutaka hata itajwe. Bibi alipozikwa juzi juzi, mjukuu akaikuta.

"Picha zake ninazo. Gauni lake moja ninalo. Sauti sijawahi kuisikia hata siku moja. Nikamletea Mjomba hapa, maana ndiye aliyepiga kinanda, na katika bendi nzima kabaki yeye peke yake."

Fundi Waya aliinamisha kichwa.

Inspekta alitabasamu bila kutaka. "Bendi hiyo naijua. Nilikuwa kijana, navaa suruali pana inayofagia sakafu. Tumeucheza sana huo wimbo wao ukumbini, wakiupiga wenyewe jukwaani."

Macho ya muuguzi yakamtoka pima. "Kwa hiyo ulimsikia! Sauti yake ilikuwaje?"

Inspekta akafungua kinywa. Alizikumbuka taa. Alikumbuka ngoma na besi, na kile kinanda kilicholia ti-ti-tu juu ya vichwa vyao. Sauti ya mwimbaji aliitafuta, akaikosa.

"Nzuri," alisema, na aibu ikamshika.

"Basi itapatikana," alisema muuguzi. "Aliyeiba anajua thamani yake. Atakuwa anaitunza, si ndiyo?"

Inspekta alimwambia arudi nyumbani akapumzike. Sajenti alikuwa akinyunyiza unga wa kuchukulia alama za vidole kwenye rafu. Inspekta akavuta kiti, akaketi mbele ya fundi.

"Kanda ulikuwa umeshaicheza?"

"Bado, Afande. Kanda za zamani zina ugonjwa. Gundi yake inavuta unyevu, inalainika. Ukiicheza hivyo hivyo, inabanduka. Lazima uipashe kwanza kwenye joto dogo, taratibu, mpaka ikauke."

"Halafu?"

"Halafu unaicheza, na kompyuta inarekodi palepale."

"Unaweza kuicheza mara ngapi?"

"Ikiwa imechoka sana, mara moja tu."

"Na hii?"

"Ilikuwa hoi."

"Nani mwingine alijua iko hapa?"

"Vijana wanaingia na kutoka, Afande. Siku hizi wamerukwa na akili kwa muziki wetu. Waliozaliwa mitambo hii imeshatupwa jalalani ndio wanakuja kuniuliza nilikuwa nabonyeza wapi."

"Unamshuku yeyote?"

"Simshuku mtu."

Hilo nalo lilimkaa Inspekta vibaya. Mtu aliyeibiwa hakosi wa kumshuku. Akikosa jirani, atamtaja shemeji.

Akasimama, akazunguka. Pembeni mwa meza ya kazi palikuwa na jiliwa, kile chuma cha kubania vitu vinavyokatwa. Chini yake palikuwa na chembe za chuma, zinang'aa, mpya kabisa. Akalichukua lile kufuli lililokatwa, akalitazama. Ubavuni lilikuwa na alama za meno ya jiliwa. Mwizi anayelifungua kufuli kwa ufunguo, akaliingiza ndani, akalibana vizuri, akalikata kwa msumeno wa chuma, kisha akaenda kulitupa nje mlangoni, ni mwizi mwenye nafasi sana.

Akaenda kwenye mashine ya kuchezea kanda. Akapitisha pamba kwenye kichwa chake, pale kanda inapogusa. Pamba ikatoka na unga wa kahawia. Sajenti aliupeleka maabara, na jibu likaja vile alivyohofia: ulikuwa utando wa kanda, ule unaobeba sauti. Alama za vidole zilizopatikana rafuni zote zilikuwa za mtu mmoja, Fundi mwenyewe.

Kesho yake asubuhi Inspekta alirudi karakana.

"Fundi, mashine hii huwa unaisafisha?"

"Kila nikimaliza kazi. Mwulize yeyote."

"Juzi kwa nini hukuisafisha?"

Fundi akakitupia jicho kinanda kikubwa kilichosimama pembeni.

"Na kinanda kile kikubwa, kwa nini skurubu zake zina mikwaruzo mipya?"

Fundi Waya alijitia hamnazo kidogo, lakini akasogea, akasimama mbele ya kinanda. Sajenti alifungua skurubu, akainua kifuniko cha chini. Ndani, kati ya nyaya, palikuwa na gurudumu la kanda. Inspekta alivuta kipande. Badala ya kahawia, kilikuwa angavu kama mfuko wa nailoni; utando wenye sauti ulikuwa umebanduka wote.

"Niliipasha vizuri, Afande," alisema fundi. "Hapo sikukosea. Nikavaa hedifoni, nikaiwasha. Kinanda kikaingia. Mkono wangu, Afande! Vijana wote hawa wanaonisifu, sina hata santuri moja yangu ya kuwawekea. Nikausikia mkono wangu wa ujana, nikalia kama mtoto mdogo. Kanda ilipoisha nikaigeukia kompyuta. Kitufe cha kurekodi sikuwa nimekibonyeza."

"Hukujaribu tena?"

"Nilijaribu. Ulitoka mkwaruzo tu, basi."

"Kwa nini usimwambie ukweli?"

"Ningemwambiaje? Kitu kilichoibwa mtu huweza kukingoja. Nilitaka abaki na cha kungoja."

Inspekta alimsomea kosa lake: kutoa taarifa ya uongo kwa polisi. Alilisoma bila nguvu, pingu ameshika mkononi. Uongo una kifungu chake cha sheria. Kitufe kilichosahaulika hakina. Na hata kingekuwepo, kisingemrudishia yule mwanamke kitu.

Muuguzi aliitwa. Aliambiwa yote, pale pale, kwa maneno machache. Akakichukua kile kipande cha kanda, akakiinua kwenye mwanga, akaviona vidole vyake upande wa pili. Akakaa chini.

"Kwa hiyo, Mjomba, ni wewe peke yako uliyemsikia."

"Nisamehe, mwanangu."

"Nitakasirika baadaye. Najijua, nitakasirika sana. Sasa hivi niambie tu. Ilikuwa nyembamba? Nzito? Inafanana na yangu?"

"Siwezi kuieleza," alisema Fundi Waya.

"Basi niimbie. Hata vibaya. Nakuomba."

Mzee aliweka vidole ukingoni mwa meza. Akaanza kwa mdomo: ti-ti-tu, ti-ti-tu. Vidole vilikwenda vyenyewe. Mguu wa Inspekta nao ukaanza kupiga sakafu kabla hajauzuia. Kinanda kilipanda, kikashuka, kikajikusanya. Kisha mdomo wa mzee ukanyamaza, vidole vikaendelea peke yavyo juu ya mbao.

"Mbona umeacha?"

"Hapo ndipo anapoingia yeye."

"Ndiyo. Imba."

Mzee alianza kulia. "Siwezi, mwanangu. Sikumsikiliza. Wimbo mzima nilikuwa najisikiliza mimi."

Hiyo ndiyo iliyokuwa siri yenyewe, na hakuna jalada la polisi lililokuwa na nafasi ya kuiandika.

Muuguzi alimgeukia Inspekta polepole, yule kijana wa zamani wa suruali pana, mtu wa mwisho aliyebaki wa kuulizwa. Alingoja tu.

Inspekta alizitazama pingu mkononi mwake. Wimbo wote ulikuwa umemrudia kichwani, ngoma, besi na kinanda, na pale katikati, mahali pa mwimbaji, palikuwa kimya.