Waya wa Muzee Niyibizi

Nyumba ya Paul iko mtaa wa Mabanga, na kuta zake si za mchezo. Marehemu baba yake, muzee Niyibizi, alizijenga kwa mawe meusi ya volkano. Upepo, mvua, makelele ya jirani, vyote vinaishia nje. Philomène, mke wa Paul, alizoea kusema kwamba ukitaka kumwita mtu wa chumba cha nyuma, afadhali umwandikie barua.

Katika chumba hicho alilala mama mkwe wake, mama Nyiramahirwe. Wiki tatu zilizopita aliteleza uani na kuvunjika mfupa wa paja. Daktari alimfunga plasta toka kiunoni mpaka mguuni, akakataza kabisa asitolewe kitandani.

Kila asubuhi Philomène alimletea uji wa mtama, akamwosha uso, akampa rozari yake. Rozari ilining'inia juu ya kitanda, kwenye waya mmoja mweusi, mnene kidogo, uliotoka ukutani.

"Mama, umeamuka je?"

"Nimeamuka. Cédrick amepiga?"

Hilo ndilo lilikuwa swali lake la kila siku. Cédrick, kitinda mimba wake, alikuwa kazini Kisangani, na Jumamosi hiyo angefunga ndoa. Kwao, mtoto haingii kanisani kabla mzazi hajamtamkia baraka. Baba alishafariki, na mama alikuwa na plasta. Ilibaki simu ya picha tu.

Walikuwa wamejaribu Jumapili. Internet ya nyumba iliingia kwa kisanduku kilichowekwa sebuleni, na pale sebuleni ilikimbia vizuri. Lakini chumbani kwa mama, maskini! Uso wa Cédrick uliganda mdomo wazi, sauti ikakatika. Mama alilia kama mtoto.

"Mutoto wangu ataoa kama yatima," alisema.

Paul alikasirika, akaenda kununua forfait kubwa zaidi ya internet. Alirudi akitembea kama mshindi. Wakajaribu tena. Uso ukaganda vilevile.

"Papa Gradi," Philomène akamwambia mumewe, akimwita kwa jina la mtoto wao, "bidon ikitoboka, hauongeze maji. Unaziba kwanza."

"Basi tutamubeba mama mupaka sebuleni. Watu ine wanatosha."

"Munibebe!" mama akaita kutoka kitandani. "Niko tayari!"

"Na mufupa ukiachana tena?" Philomène akauliza. "Daktari alikataza. Sitaki ndoa ya mutoto ituletee matanga."

Ilikuwa Alhamisi. Philomène alijifunga kitenge, akatoka kumwita Chance, binti anayetengeneza televisheni na internet karibu na soko.

Chance alifika na mfuko wake wa vyombo. Alizunguka nyumba yote akiangalia simu yake, kisha akagonga ukuta kwa kidole.

"Mama Gradi, forfait yenu haina kosa. Wifi inapita hewani, na mawe haya inaikataa. Kuna kuta tatu hapa."

"Tutoboe?" Paul akauliza.

"Kutoboa mawe ya volkano? Papa, tutamaliza Krismasi." Chance akacheka. Halafu akanyoosha kidole juu ya kitanda. "Waya hii yenye rozari inatoka wapi?"

Mama Nyiramahirwe akaguna. "Hiyo ni bure. Muzee alileta televisheni huku chumbani juu ya kuangalia mupira. Aliharibu ukuta wangu! Nilimutukana mupaka siku alikufa."

"Inatoka kwenye televisheni ya sebuleni," Paul akaeleza. "Zamani ilishuka toka kwa dishi pale juu. Dishi limekula kutu, halifanye kazi tena."

Chance akapiga makofi. "Basi njia munayo! Waya ya televisheni inaweza kubeba internet pia. Kunakuwa viboksi mbili. Kimoja kinafungwa sebuleni, kati ya kisanduku cha internet na waya hii. Kingine kinafungwa huku, na kinatoa wifi yake ndani ya chumba. Mahoteli yenye kuwa na waya za zamani zinafanya hivyo, na sasa watu wa manyumba wameanza. Hatutoboe kitu."

"Uongo," mama akasema.

"Mama, utaona kwa macho yako."

Kwanza Chance alifungua waya wa dishi. "Hii itoke," alisema. "Kama dishi lingekuwa linafanya kazi, ningetafuta waya ingine. Dishi na viboksi hivi havipatane kwa waya moja." Kisha akatoa viboksi viwili mfukoni, akavifunga, akavitia umeme. Wakangoja taa ndogo ya kijani.

Taa haikuwaka.

Mama akageuzia uso ukutani.

"Waya hii imekatwa mahali," Chance akasema taratibu. "Nani aliigusa?"

Paul akaanza kukuna kichwa. Philomène anamfahamu mumewe. Akikuna kichwa, kuna kitu.

"Sema, papa Gradi."

"Ni zamani," Paul akasema. "Papa Adalbert, jirani yetu, hakuwa na dishi. Nilipanda kwenye plafon, chini ya mabati, nikakata waya, nikamugawia, aangalie mupira. Muzee alikataza. Nilifanya akiwa hayupo."

"Ulifunga namna gani?"

"Nilisokota tu, nikatia skochi ya kunata. Kama waya ya umeme."

"Ndiyo kosa la wengi," Chance akasema. Alikata kipande cha waya, akawaonyesha. Katikati kulikuwa na uzi mmoja wa shaba. Uzi huo ulivikwa plastiki nyeupe, na juu yake nyuzi nyembamba zilizosukwa kama kikapu. "Uzi wa katikati unabeba. Hizi zilizosukwa zinaulinda. Ukisokota ovyo, vinagusana, na safari inaishia pale. Na tena, papa, kile kipande cha jirani kingepeleka internet yenu mupaka kwake. Waya yenye kuenda inje inatolewa."

Paul alikwenda mwenyewe kwa papa Adalbert kumwambia ukweli. Mzee yule alicheka mpaka akakohoa. "Muikate tu! Kwangu haionyeshe kitu tangu miaka mingi. Lakini Jumamosi nakuja kula."

Chance akapanda kwenye plafon na taa yake. Aliondoa kile kipande cha jirani, akaunga pande mbili za waya kwa kiungio cha chuma cha kuzungusha. Aliposhuka alikuwa mweupe kwa vumbi.

"Taa imewaka!" Philomène akatoka chumbani mbio akiita. "Ya kijani! Imewaka!"

Jumamosi saa mbili asubuhi, simu iliegemezwa kwenye mto. Cédrick alionekana na suti yake, mchumba wake pembeni, wote wamepiga magoti. Hakuna kilichoganda.

"Mama, unaniona?"

"Nakuona, mwanangu. Ata kovu la kidevu naliona." Mama akanyoosha mkono kuelekea simu. "Nenda na amani. Zaeni, mulee, musichokane. Mimi na baba yako tumewabariki."

Paul alilia bila kujificha. Papa Adalbert naye alipangusa macho, huku sahani iko mkononi.

Simu ilipokwisha, mama aliomba kila mtu atoke, isipokuwa Philomène. Akainua mkono, akaushika ule waya mweusi ukutani.

"Muzee," alisema, "nilikutukana miaka yote juu ya waya hii. Leo imenibebea mutoto. Unisamehe."

Kisha akamgeukia mkwe wake. "Tafuta musumari, utundike rozari pengine. Hii iko na kazi."