Uzi Uliobaki Darajani

Jua lilikuwa linazama nyuma ya milima ya Rodopi, na Zdravka alibakiza zoezi moja: kupima urefu wa miti ya ukingoni mwa mto. Akifeli hili, mwaka mzima wa jiografia ya mazingira ataurudia.

Njia ni rahisi. Unapima kivuli cha mti, kisha cha mtu ambaye urefu wake unaujua, unapiga hesabu. Futi kamba ilikuwa imekatika, akatumia uzi. Mtu mwenyewe alikuwa Elitsa, bintiye wa miaka sita, aliyekuja naye kwa kukosa wa kumwachia.

"Simama wima. Unarukaruka kama mbuzi."

"Mama, mbuzi ana kivuli kirefu kunishinda?"

"Tulia, ukikua nacho chako kitarefuka."

Akakata uzi sawasawa na kivuli cha mtoto, akaandika daftarini.

Kwenye daraja la mawe waashi walikuwa wanaziba ufa. Mzee mmoja, mikono myeupe kwa chokaa, akamwita kwa sauti ya chini.

"Binti, huo uzi umemaliza nao? Nipe nipangie mawe."

Akampa. Alikuwa amechoka.

Ndani ya basi ndipo alipokumbuka maneno ya bibi yake: ukiona waashi, ficha kivuli chako. Wakikipima kwa uzi na kuujengea ukutani, jengo husimama. Wewe humalizi siku arobaini.

Siku ya kumi na mbili alikuwa maabarani, anakausha sampuli za tope la mto. Elitsa alikaa kwenye kigoda chini ya taa.

Harufu ya chokaa mbichi...

Hakuna aliyeleta chokaa.

Zdravka akatazama kivuli cha mtoto ukutani, akachukua rula, akakipima. Sentimita tisini. Kesho yake, kigoda kilekile, taa ileile: themanini na nne. Akarudia mara tatu, kama alivyofundishwa.

Mhadhiri wake, Dakta Kalcheva, akachungulia daftari. "Umesogeza taa."

"Sijaigusa, mwalimu."

"Basi mtoto amesogea. Namba hazijipunguzi zenyewe."

"Mama," Elitsa akanong'ona, "mgongo una baridi. Kama nimeegemea mawe."

Siku ya ishirini, magharibi, Zdravka akarudi darajani. Waashi walikuwa wanafunga vifaa. Akawauliza alipo mzee wao.

"Mzee?" mmoja akacheka. "Dada, hapa mzee kuliko wote ni mimi, na sijaoa bado."

Lakini mzee alikuwapo. Chini ya tao, peke yake.

"Nirudishie uzi."

"Nikiutoa, daraja linaanguka." Akasogea karibu. "Ila likipata uzi wa kivuli kirefu zaidi... wa mtoto linauachia."

Zdravka akaligeuzia jua mgongo, kivuli chake kikalala mbele ya mzee.

"Pima."

Mzee akapima. Zdravka naye akajikatia uzi wa pili, sawa na ule, akautia mfukoni. Kipimo bila nakala si kipimo.

Siku tano baadaye Elitsa alikula mkate na jibini mpaka akasinzia mezani. Kivuli chake, kwenye kigoda kilekile chini ya taa ileile: sentimita tisini na nane. Mara tatu.

Zdravka akafungua ukurasa mpya, akaandika jina lake mwenyewe. Jioni akarudi ukingoni, saa ileile, akaligeuzia jua mgongo, akatandaza ule uzi wa mfukoni juu ya kivuli chake.

Uzi ulikizidi kivuli.