Kiswahili cha Gisèle

Jumamosi soko la Mbarara hujaa hadi ngazini, na kule juu kwa mafundi cherehani mteja asiyepaza sauti anaweza kusahaulika. Kabera hakuwa mtu wa kupaza sauti. Alisimama mbele ya cherehani ya Gisèle, fulana imelowa jasho la mbio, suruali nyeusi mkononi, akangoja mpaka yule dada alipoinua macho.

"Nyabo, mimi nataka wewe kata hii suruali."

"Nikate vipande?" Gisèle akacheka. Alivaa kitenge cha manjano chenye maua ya zambarau, na tepi ya kupimia ilining'inia shingoni mwake kama mkufu. "Sema nikupunguzie kiuno. Sogea basi nikupime, sitakuuma."

Suruali ilikuwa ya mjomba wake, mtu wa tumbo, na ndiyo aliyotaka kuivaa siku ya usaili wa polisi. Mtihani wa kuandika haukumtisha. Mbio nazo hazikumtisha, maana kila asubuhi alipanda kilima cha Kamukuzi mpaka kifua kikawaka moto. Kilichomnyima raha ni Kiswahili. Alikuwa amesikia kwamba wakubwa huuliza kwa Kiswahili, naye alikulia Kabingo, Kinyankore nyumbani na Kiingereza shuleni. Alikwisha kujaribu miaka iliyopita akaachwa, na sasa umri ulikuwa ukingoni. Akikosa safari hii, basi tena.

"Nifundishe," alisema, mikono bado juu.

"Miye fundi wa nguo, si mwalimu."

"Wewe fundisha tu. Mimi iko tayari."

"*Niko* tayari," akamsahihisha, na tayari somo lilikuwa limeanza.

Gisèle alikuwa Mkongomani wa Kivu Kusini. Aliingia kambi ya wakimbizi ya Nakivale akiwa mgongoni mwa mama yake, akakulia humo. Siku za kazi alilala kwa shangazi yake mjini, na Jumapili alirudi kambini kuimba kwaya. Kiswahili alichokuwa nacho kilikuwa kile cha kwao Kivu, ambamo watu ni *bantu* na nafasi ni *fasi*, cha jikoni na cha kanisani, na ndicho alichompa Kabera, chote. Jioni, soko likifungwa, waliketi ngazini wakila ndizi gonja za kuchoma, Gisèle akijifanya mkubwa wa polisi.

"Kijana, juu ya nini unataka kazi yetu?"

"Afande, nataka kusaidia bantu."

"Bantu bote?"

"Bote. Lakini wewe kwanza."

"Ee! Toka hapa!" Akampiga bega kwa tepi.

Mwanzoni Gisèle aliiogopa ndoto ile ya upolisi. Baba yake, mzee Baudouin, hadi leo akiona mtu mwenye sare hugeuza njia, naye alirithi woga huo bila kuulizwa. Lakini usiku mmoja simu ililia, akajikuta akitabasamu kabla hajaipokea.

"Allô, afande wangu. Umekula?"

"Nimekula, sheri. Nimekula muchele na maharagi, na niko nakuwaza mingi."

"Hiyo ya mwisho sikukufundisha."

"Nimejifundisha mwenyewe."

Mtihani wa kuandika alipita. Siku ya usaili Gisèle alimpigia pasi suruali, akamfunga tai, akamwambia aende na Mungu. Siku hiyo alishona mikono ya blauzi kinyume, akafumua, akashona kinyume tena. Simu ilipolia, sauti ya Kabera ilikuwa chini kama ya mtu aliye hospitalini.

"Wameniuliza kwa nini nataka kazi."

"Ukasemaje?"

"Nikasema, afande, niko natafuta fasi ya kutumikia bantu bote. Nilisema vizuri, Gisèle. Sikukwama."

"Halafu?"

"Wakatazamana. Mmoja akauliza, fasi? Kijana, wewe ni mtu wa wapi? Nikasema Kabingo. Akasema, Kabingo wanasema fasi? Kisha hawakuuliza tena habari ya polisi. Wakauliza babu yangu aliitwa nani, alizikwa wapi, mama yangu alitoka upande gani wa mpaka. Wakasema watanichunguza."

Gisèle aliishika meza ya cherehani. "Basi ni miye nimekuharibishia."

Kabera alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Hapana, usiseme hivyo." Lakini Gisèle alibaki na ule ukimya. Alilala nao, akaamka nao.

Juma lililofuata mama yake Kabera alipanda ngazi za soko, amevaa gauni la kanisani, mkoba kifuani. Alisema kwa Kinyankore, bila ukali, na hilo ndilo lililouma.

"Mwanangu, watu wamekuja kwetu kuuliza. Wanasema Kabera kila mara yuko na msichana wa Nakivale. Wanasema pengine yeye pia ni wa huko. Mimi sikuchukii. Lakini ukiweza, mwache kwanza. Majina yakitoka, mtajua nyinyi wenyewe."

"Ndiyo, mama," Gisèle alijibu.

Hakumweleza Kabera, kwa kuwa alijua angebisha. Aliacha kupokea simu. Jina lake likiwaka kwenye kioo aliigeuza simu kifudifudi, akakanyaga cherehani kwa nguvu mpaka shangazi akamuuliza anashindana na nani. Kabera alipokuja sokoni, Gisèle alijificha nyuma ya mabunda ya vitenge na kumwomba jirani aseme hayupo. Alimwona kupitia mwanya, shati halikupigwa pasi, akishuka ngazi polepole.

Majina yalipobandikwa, la Kabera halikuwamo. Gisèle alisikia kwa watu. Hakuna aliyeeleza sababu: labda ule uchunguzi, labda alama, labda nafasi zilikuwa chache tu. Hapakuwa na mlango wa kugonga kuuliza. Gisèle alisali, akakosa hata jambo la kuomba.

Jumapili, kwaya ilipotoka kanisani Nakivale, alimkuta Kabera amesimama juani kati ya boda na wauza miwa, viatu vyeupe kwa vumbi.

"Niambie ukweli," alisema Kabera bila salamu. "Ulijua nitashindwa, ukanikimbia?"

"Weye! Nani amekuambia vile?"

"Nani angeniambia? Hukupokea simu."

"Mama yako alikuja. Aliniomba nikuache mpaka majina yatoke. Nikaona nimekwisha kukuharibia kwa mdomo, nisikuharibie tena kwa miguu, kwa kuonekana nawe."

Kabera alifunga macho. "Mama yangu?"

"Usimkasirikie. Alikuwa anaogopa. Bote tulikuwa tunaogopa."

"Na mimi nilidhani umeona sitakuwa mtu."

"Ulinyamaza kwenye simu," Gisèle alisema, na machozi yakaja. "Nilipokuambia ni miye, ulinyamaza kwanza."

Kabera hakukana. "Kidogo tu niliwaza hivyo. Kisha nikaona haya. Gisèle, sijui kwa nini walinikataa na sitajua. Umri umepita. Sina cha kufanya." Alimshika mkono mbele ya kwaya nzima, akina mama wakajifanya wanatafuta watoto wao. "Lakini wewe hakuna aliyebandika ukutani kwamba nimekukosa. Nioe? Aa, nimekosea. Nikuoe?"

Gisèle akacheka huku analia. "Kamwulize baba."

Mzee Baudouin aliwapokea uani, akamsikiliza Kabera mpaka mwisho, kofia magotini.

"Unafanya kazi gani?"

"Nilitaka upolisi, mzee. Nimekosa."

"Sasa?"

"Nitalima kwa baba. Tuna migomba, Kabingo."

"Shamba ni la kwenu wenyewe?"

"Ndiyo, mzee. Babu yangu alilipanda."

Shamba la mzee mwenyewe lilibaki Kivu, ng'ambo ya ziwa, na aliyekuwa akilila hakumjua. Akaagiza soda iletwe, akamkaribisha kijana karibu zaidi.

"Basi hujakosa kitu, mwanangu. Hata kidogo. Mungu amekuhurumia."

"Asante, mzee," alisema Kabera.

Gisèle alimwona akitabasamu kwa adabu, soda imeinuliwa, macho yamejaa. Yeye alijua kijana amekosa nini. Akasogeza kiti, akakaa ubavuni pake.