Mshono Ulioyumba

Harufu ya kitambaa kilichoungua na pasi ilimfikia fundi wa nguo katikati ya mlima, mahali ambapo hapakuwa na pasi wala nyumba. Alisimama akanusa tena. Ilikuwa saa nne asubuhi, jua limewaka, bahari inapiga mawe kule chini, na mbele yake binti yake alikuwa anapanda huku akipiga mluzi.

"Unasikia harufu?" akauliza.

"Ya nini, mama?"

"Basi. Tembea."

Binti huyo nyumbani aliitwa kwa utani tu: Sindano, kwa wembamba wake na kwa ulimi wake pia. Aliuza kwenye duka la dawa, na leo alikuwa ameomba ruhusa ili amsindikize mama yake. Mlima wenyewe ulikuwa mdogo, watoto wa shule waliupanda na kurudi kabla ya chakula cha mchana, lakini fundi alikuwa ameishi chini yake miaka thelathini bila kuukanyaga. Wiki hii akaung'ang'ania ghafla. Lazima aione bahari kutoka juu, tena upesi. Hakusema kwa nini.

Sababu ilikuwa macho. Daktari alimwambia ni mtoto wa jicho, yanatibika, aje apasuliwe. Fundi alitoka pale amenuna kama mtu aliyetukanwa. Fundi asiyeona tundu la sindano! Wateja wakijua, si watahamia kwa yule jirani anayeshona nguo kama anafunga magunia? Akanyamaza. Wahenga walishasema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini wahenga hawakuwa na cherehani la kulinda.

Jana yake alimshonea Sindano suruali ya kupandia mlima. Mshono wa ubavu wa kulia, karibu na mfuko, ulimyumbia. Aliufumua, ukayumba tena. Kwa hasira akapiga juu ya uleule mara tatu, akamkabidhi mtoto na kusema, "Umenyooka kama rula." Sindano aliutazama mshono, akamtazama mama yake, akasema, "Asante, mama." Ulimi wote ule, na hakuongeza neno.

Sasa ukungu ukaanza kupanda kutoka baharini bila upepo wa kuusukuma. Ulimeza njia, ukameza vichaka, na ile harufu ya kuungua ikazidi.

"Sindano, simama hapohapo."

"Nimesimama, mama," sauti ikajibu mbele yake.

"Nimesimama, mama," sauti ikajibu nyuma yake.

Haukuwa mwangwi. Mwangwi hungoja kidogo, na hizi zilisema pamoja.

"Mama," ya mbele ikanong'ona, "nani huyo nyuma yako?"

"Mama, ni mimi," ya nyuma ikanong'ona, inatetemeka. "Niliinama kufunga kamba ya kiatu, ukanipita."

Fundi akaamua kuwajaribu. Aliuliza ni kitu gani Sindano alikivunja akiwa na miaka sita, zikajibu zote mbili, "Taa ya cherehani." Akauliza alijificha wapi siku hiyo, zikajibu, "Chini ya meza ya kukatia," na akaendelea kuuliza, homa ile ya utotoni, jino la kwanza kung'oka, wimbo wa kumbembelezea, na kila swali lilijibiwa mbele na nyuma kwa pumzi moja, mpaka akaelewa kwamba kitu kile kilikuwa kinachota majibu kichwani mwake mwenyewe, na kwamba kadiri alivyouliza ndivyo alivyokilisha.

Akanyamaza. Akanyoosha mikono yote miwili, mmoja mbele, mmoja nyuma. Akagusa viuno viwili vyembamba, vyote vina joto. Akashusha vidole mpaka mfukoni.

Wa mbele, mshono ulikuwa laini, umenyooka, mshono aliokuwa akiushona macho yake yakiwa bado mapya. Moyo ukamruka kwa kuutamani. Wa nyuma uliyumba kama mlevi anayerudi nyumbani.

"Umenyooka kama rula, mama," ikasema ya mbele, taratibu. Mkono ukamshika kifundo cha mkono, ukambana. "Wewe hukosei. Wateja wote wanajua hukosei. Au ule uchafu wa nyuma ndio kazi yako? Sema. Kama si yako, njoo, tushuke huku."

Huko kulikuwa upande wa sauti ya bahari.

Wa nyuma alikuwa analia kimyakimya, na angeweza kujiokoa kwa sentensi moja: mama, jana ulikosea. Hakuisema. Hapo fundi akamjua mtoto wake bila kuhitaji mshono, akampenda kiasi cha kumkasirikia.

"Ni kazi yangu!" akapiga kelele. "Nilikosea! Jana nilikosea, na mwezi uliopita nilikosea nguo tatu, nikawasingizia wateja kwamba wamenenepa! Nina mtoto wa jicho macho yote mawili, sindano natungiwa na mpita njia! Haya, umesikia? Nenda ukawatangazie!"

Mkono ukamwachia kama umeungua. Kitu kikampita kasi ubavuni, Sindano akapiga ukelele, na fundi akahisi mtoto anavutwa kuelekea kwenye sauti ya mawimbi. Akaudaka mfuko wa suruali kwa mikono miwili, akakaa chini kwa uzito wake wote.

"Vuta!" akasema, anahema. "Hapo nimepiga mara tatu! Vuta mpaka uchoke, mwanaharamu mkubwa!"

Kilivuta. Kitambaa kikalia, mshono mbaya ukatanuka, lakini haukuachia hata uzi mmoja. Kisha ukungu ukapasuka, jua likarudi, na wakajiona wamekaa hatua mbili kutoka kwenye ukingo wa genge, peke yao.

"Mama," Sindano akanong'ona, "tushuke nyumbani."

"Tushuke nini? Nimekuja kuona bahari."

Wakapanda. Huko juu fundi aliona doa la buluu lisilo na kingo, akalitazama mpaka akaridhika.

"Mbona hukuniambia mshono umeyumba?" akauliza.

"Na wewe mbona hukuniambia unaumwa?"

Wakacheka, kisha wakalia.

Fundi alipasuliwa macho, akapona, na hakuna mteja aliyehama. Mishono yake ikanyooka tena, ila kwenye nguo za Sindano. Huko kila wiki aliweka kosa jipya kwa makusudi, kifungo cha uzi mwekundu, upindo ulioachwa wazi kidole kimoja, na Sindano alilitaja kila aliporudi nyumbani, kabla ya kuvuka kizingiti, kwa kuwa kitu kile kilijua kusifu tu.

Adhuhuri moja fundi alikuwa ameinama kwenye cherehani. Kivuli chembamba kikaangukia kitambaa.

"Mama, nimerudi."

"Kosa la leo liko wapi?" akauliza bila kuinua kichwa.

Harufu ya kitambaa kilichoungua ikajaa chumbani, na pasi ilikuwa kabatini, imepoa.

"Wewe hukosei, mama."

Fundi akakanyaga kanyagio, cherehani likaanza kunguruma.

"Nakosea sana," akasema. "Na utoke hapo mlangoni, unanizibia mwanga."