Kahawa za Kwenye Sahani

Kila asubuhi Ephrasia aliwasha moto, akamenya ndizi, kisha akampelekea mumewe kibuyu cha rubisi. Protase hakuweza kuanza siku bila pombe hiyo ya ndizi. Mikono yake ilitetemeka mpaka anywe. Akishakunywa ilitulia, akachukua panga na kwenda kwenye shamba la kijiji. Ilikuwa hivyo kwa miaka kumi na minne.

Jumatano ya Majivu, mwaka 1975, Protase alitoka kanisani akamwaga rubisi yote chini ya mgomba.

"Kwaresima hii sionji," alimwambia mkewe. "Na mpaka Jumapili sili wala sinywi chochote. Nataka mwili utakate."

Ephrasia alimshukuru Mungu. Hakumpa hata maji.

Alhamisi Protase alitetemeka, akaloa jasho na kutapika. Ephrasia alidhani ni uchafu wa pombe unaotoka. Ijumaa asubuhi akamkuta anapangusa blanketi kwa mikono miwili.

"Nitolee hawa siafu," alisema Protase.

"Siafu gani?"

"Wanapanda. Wewe huwaoni?"

Hapakuwa na siafu. Macho ya Protase yalikuwa yamezama ndani, midomo imepasuka. Ephrasia akaogopa kuwa atakuwa mjane kabla ya Pasaka.

Rweyemamu, kaka yake Protase, alifika na kamba mkono mmoja, kibuyu mkono wa pili.

"Shemeji, chagua," alisema. "Ama amerogwa tumfunge, ama amekosa pombe tumnyweshe. Nimekuja na dawa zote mbili."

Ephrasia hakuchagua. Siku hiyo Immakulata, muuguzi wa kituo cha afya, alikuwa kijijini akipima uzito wa watoto. Ephrasia alimkimbilia, wakarudi pamoja.

"Amekunywa nini tangu juzi?" aliuliza Immakulata.

"Hajanywa, waitu," Ephrasia alijibu kwa heshima. "Ameacha."

"Nauliza maji, Ma Ephrasia."

Ephrasia alitazama chini. "Hata maji. Tulidhani ndiyo toba."

Muuguzi hakumkaripia. Aliibana ngozi ya Protase kwa vidole, akaiachia. Ikabaki imekunjamana.

"Mara ya mwisho amekojoa lini?"

"Jana asubuhi."

"Kuacha pombe ni vizuri," alisema Immakulata. "Lakini mwili uliozoea pombe kila siku kwa miaka mingi, ukinyimwa ghafla unavurugika. Mtu anatetemeka, anaona visivyokuwepo. Anaweza kupata kifafa, hata kufa. Huyu hakurogwa. Ni mgonjwa. Tena kwa jasho na matapishi anapoteza maji na chumvi ya mwili. Vinatoka, na hakuna kinachoingia."

"Basi nimpe kikombe kimoja tu atulie," alisema Rweyemamu.

"Hapana, Ta Rweyemamu. Kituoni tuna sindano ya kutuliza, na tunaipima. Kibuyu chako kina kipimo gani?"

Rweyemamu alikitazama kibuyu chake. "Hakina," alikiri. "Na kamba je?"

"Kamba inafaa. Fungia machela."

Walimbeba zamu kwa zamu. Kituoni Protase alichomwa sindano ya kutuliza na ya vitamini, akatundikiwa maji ya mshipani. Kitanda chake kiliwekwa karibu na dirisha.

"Mgonjwa wa namna hii asikae gizani," alieleza Immakulata. "Vivuli vinamtisha. Msimfokee, msimbishie. Wewe anakujua, kaa naye. Mwambie wewe ni nani na hapa ni wapi. Akiuliza mara mia, mjibu mara mia."

Protase alipoweza kumeza vizuri, muuguzi alimwonyesha Ephrasia jinsi ya kutengeneza kinywaji. Alichukua chupa mbili za bia, tupu na safi. Mbili zilikuwa lita moja. Akazijaza maji yaliyochemshwa na kupoa, akayamimina kwenye jagi. Akatia vijiko vidogo sita vya sukari, vilivyosawazishwa juu, na nusu kijiko kidogo cha chumvi.

"Mpe kidogo kidogo. Akitapika, subiri dakika kumi, uanze tena polepole. Na uhesabu. Una kahawa?"

Ephrasia alifungua pindo la kanga yake. Hakukosa kahawa kavu za kutafuna, zile ambazo kila nyumba humkaribishia mgeni.

"Akimaliza kikombe, weka kahawa moja kwenye sahani. Akikojoa, weka moja kwenye kopo. Nikipita nitaona."

Jioni sahani ilikuwa na kahawa nne. Kopo lilikuwa tupu. Ephrasia alilitazama kopo lile zaidi kuliko alivyomtazama mumewe. Jumamosi asubuhi Protase akaomba msaada ainuke. Baadaye kidogo kahawa ya kwanza ikalia ndani ya kopo.

"Amekojoa!" Ephrasia aliita.

Wodi nzima ikasikia. Mzee wa kitanda cha jirani akasema, "Hongera, mama. Ni wa kike au wa kiume?"

Siku ya tano Protase alimtambua kila mtu. Alikula supu na ndizi mbivu. Alipoelezwa habari za siafu, alifunika uso.

"Usione haya," Immakulata alimwambia. "Ila mwenzako akitaka kuacha, mwambie aje kwetu kwanza. Tutamsaidia kuacha bila hatari."

Wiki moja baada ya Pasaka, Immakulata alipita nyumbani kwao. Protase alikuwa anatoka shambani. Kikombe alichopewa na mkewe kilikuwa cha maji, na hakikutikisika mkononi. Alimkaribisha mgeni, akaingia ndani, akatoka na kahawa kwenye sahani. Akampa kwa mikono miwili.

"Wakola, waitu," alisema. "Asante. Hizi ndizo zilizonihesabu."

Immakulata alichukua moja, kisha akasita. "Ta Protase, hizi ni za sahani au za kopo?"

"Za sahani, waitu."

Wakacheka wote, muuguzi akatafuna. Ephrasia alicheka pia, huku akishika pindo la kanga yake. Humo alikuwa amefunga kahawa moja tu, ile ya kwanza ya kopo. Hiyo hakumpa mgeni yeyote.