Mikono Nyuma ya Jiwe

Jua lilikuwa linazama Loveday alipotoka nyumbani na Jory kifuani, kamfunga kwa shali. Mtoto wa miezi kumi na moja. Kifaduro kilikuwa kimemkausha mpaka akawa mwepesi kama kikapu kitupu. Wawili waliomtangulia walikwishazikwa nyuma ya kanisa. Huyu ndiye aliyebaki.

Nyuma yake wifi yake, Tamsin, anahema.

"Polepole, wifi! Ungekimbia hivi siku ya posa, kaka yangu asingekupata!"

"Na wewe ungeacha mkate wa pili, ungenifikia!"

"Nenda, nenda. Nitakukuta hukohuko."

Mawe waliyokuwa wakiyaendea yamesimama duara nyikani tangu enzi ambazo hakuna anayezijua. Moja ni refu kuliko mtu, lina tundu. Mama humpitisha mgonjwa tunduni, uchi, ndugu wa damu anampokea upande wa pili na kumrudisha ubavuni mwa jiwe. Mara tisa. Na mtu asitamke neno, dawa itaharibika. Ukiishia njiani, bora usingeanza.

Ukungu ulishuka ghafla. Nyuma ya jiwe, mtu alikuwa anahema.

Tamsin kapita njia ya mkato, Loveday akawaza. Akamvua mtoto, akampitisha.

Mikono ikapokea. Ikarudisha.

Mara ya tatu akasikia harufu... udongo mbichi, wa kaburi lililochimbwa leo. Mara ya tano kikohozi kikakatika. Ya saba, mashavu yakajaa. Ya nane...

"Wifiii! Kiatu kimenasa topeni, njoo univute!"

Sauti ilitoka bondeni. Mbali. Mgongoni kwake.

Loveday akaganda.

Mikono ilikuwa imetokeza tunduni, viganja juu. Inangoja.

Angeweza kukimbia. Lakini Jory alikuwa anapumua bila kukoroma, mara ya kwanza mwezi mzima. Akayakumbuka makaburi mawili madogo. Akauma midomo.

Akampitisha.

Kimya... Kimya kirefu mno. Kisha mtoto akarudishwa, mnono, anatabasamu.

Tamsin akatokea, matope magotini. "Ooh, kapona! Nani kakupokelea?"

Loveday akamfunga mtoto shalini, akaanza kushuka.

Miaka sita sasa, Jory hajakohoa hata mara moja. Kisimani Tamsin anajigamba kwamba ni yeye aliyepokea, kwa mikono yake hii hii! Loveday habishi. Ila kila jioni anapanda nyikani na kikombe cha maziwa ya moto.

Juzi Tamsin, umbeya ukimwasha, akamfuata, na Jory kamshika sketi. Akamkuta wifi yake kaingiza mkono tunduni mpaka begani, anapapasa, ananong'ona, "Njoo, mwanangu. Njoo..."

Tamsin akachungulia nyuma ya jiwe. Hapakuwa na mtu.

Halafu akasikia kikohozi. Kifaduro. Cha mtoto mchanga.

Jory akamvuta sketi.

"Shangazi, mwambie mama asimwite," akasema taratibu. "Akitoka yeye, mimi narudi."

Loveday alisikia. Machozi yakamtiririka.

Mkono hakuutoa.