Mapazia ya Mheshimiwa

Mapazia yalirudi Jumatatu asubuhi, yote ishirini na manne, yakatupwa mlangoni mwa karakana kama nguo chafu. Katibu wa Mheshimiwa alikuwa amebandika kijikaratasi juu yake: Marefu mno. Yanaburuta. Rekebisha.

Fundi alichukua moja akalitandaza mezani. Madirisha ya nyumba ile aliyapima mwenyewe, akiwa juu ya ngazi, kila moja mara mbili. Akavuta futi yake. Pazia lilizidi kwa shibiri nzima.

"Haiwezekani," alimwambia mdogo wake aliyekuwa kwenye cherehani ya pili. "Hebu pima na wewe."

Mdogo wake akapima. "Limezidi kweli, dada." Kisha akaliinamia, akakunja pua. "Na mbona pindo lina unyevu? Linanuka nywele zilizoungua."

"Ndivyo hela za wakubwa zinavyonuka. Sisi tutajulia wapi?"

Wakacheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Mapazia yale yalikuwa yamewalia miezi miwili. Kitambaa walikopa kwa mwenye duka, na cherehani ya tatu ikawekwa rehani kwake. Mheshimiwa alitoa theluthi, akaahidi kumalizia mzigo ukifika. Mzigo ukafika. Tangu hapo Mheshimiwa alikuwa mkutanoni, au safarini, au amepumzika, na karatasi ya kupokea mzigo hakuna aliyekubali kuitia sahihi.

"Sahihi ya nini, Fundi?" katibu alimuuliza. "Kwani humwamini Mheshimiwa?"

Wakakata, wakapinda upya, mpaka migongo ikawauma. Jumanne asubuhi mapazia yalikuwa yamezidi tena kwa shibiri ileile.

Fundi alidhani ni uchovu umemchezea. Wakakata tena, na safari hii akachora mstari wa chaki pembeni mwa kila pindo. Jumatano chaki ilikuwa palepale alipoichora, lakini chini yake kulikuwa na kitambaa kipya, bila mshono, rangi ileile, ua lileile. Alipokigusa kilikuwa na joto, kama shavu la mtu mwenye homa.

"Dada," mdogo wake alinong'ona, "turudishe hivihivi."

"Nikirudisha hivihivi hatalipa."

"Kwani ukikata ndiyo atalipa?"

 Alhamisi Fundi alikwenda tena kwa katibu, akakaa kwenye benchi tangu asubuhi, akaambiwa Mheshimiwa anaithamini sana kazi yake. Akarudi kwa miguu, jua likiwa utosini, akimtukana mtu yule kimoyomoyo hatua kwa hatua.

Akiwa bado nje alisikia cherehani. Ilikuwa inakimbia kuliko mtu awezavyo kuikimbiza, bila kupumzika, bila ule mwanya mdogo wa fundi kugeuza kitambaa, na alipousukuma mlango akaona mdogo wake ameinama huku miguu ikikanyaga kama si yake, sindano haina uzi, vidole vinavuja damu kwenye bamba la cherehani naye hata hashtuki, na nyuma yake mapazia yote ishirini na manne, yakiwa yametundikwa kwenye waya katika chumba kilichofungwa madirisha, yakivimba na kunywea kwa pamoja, yakivimba na kunywea, kama kifua cha mtu mkubwa aliyelala.

"Mdogo wangu," Fundi aliita.

Sauti iliyomjibu kutoka kinywani mwa mdogo wake haikuwa yake; ilikuwa kavu, kama kitambaa kinachochanwa.

"Nimeilinda nyumba ya Mheshimiwa miaka saba. Aliahidi kunilisha kila mwezi mwandamo. Akanipa nusu. Akanipa robo. Kisha akaniambia nisubiri. Nikajikunja kwenye pindo, nikatoka zangu. Huyu anafanya kazi vizuri. Nitakaa naye."

Hasira ikampanda Fundi. "Hata mimi kanidhulumu! Kwa nini uje kuniumiza mimi? Nenda kwake!"

"Alikwisha kunitoa mlangoni pamoja na mzigo wako. Siingii tena mpaka anipokee."

Akatoka mbio kwenda kumwita mganga, mwanamke mzee wa mtaa wa pili. Yule mama akanyoosha kiganja kabla hata ya kuvaa viatu.

"Malipo kwanza, mwanangu. Wakubwa walishanifundisha."

Alipofika alifukiza chumba, akamfunga mgonjwa uzi mkononi, akaweka sikio kwenye mapazia, akasikiliza kwa muda mrefu.

"Nitamtoa kwa mdogo wako," alisema kwa sauti ya chini. "Lakini lazima awe na pa kwenda. Mwenye nyumba akiri kwa mkono wake kwamba amepokea mzigo na vyote vilivyomo."

"Mama, yule hatii sahihi. Akitia tu, anadaiwa."

"Basi mwondolee deni."

Fundi alimtazama kana kwamba ametukanwa. Akafikiria kitambaa cha mkopo, karo ya watoto, cherehani iliyo rehani. Kisha akaitazama miguu ya mdogo wake, bado inakanyaga. Akachukua kalamu, akaandika: Mapazia ishirini na manne na vyote vilivyomo. Mteja hadaiwi tena. Aliandika polepole, neno kwa neno.

Siku ile, Fundi alipoyarudisha mapazia, Mheshimiwa hakuwa mkutanoni wala safarini. Aliposikia habari ya deni kufutwa alishuka ngazi mwenyewe, amevaa kandambili.

"Ungekuwa na busara hii tangu mwanzo, Fundi, tusingesumbuana."

Akaisoma karatasi mara mbili, akitafuta tarakimu iliyojificha. Hakuiona. Akatia sahihi kubwa, yenye mikia.

"Nimepokea," akasema.

Furushi la mapazia lililokuwa sakafuni likashusha pumzi. Harufu ya nywele zilizoungua ikajaa sebule, na pindo moja likajisogeza, taratibu, mpaka kwenye kidole cha mguu wa Mheshimiwa. Yeye alikuwa anafunika kalamu. Fundi akaondoka bila kuaga.

Karakanani alimkuta mdogo wake amekaa sakafuni, vidole vimefungwa vitambaa, macho yake mwenyewe yamemrudia.

"Dada, nina njaa."

Fundi akamkumbatia, akalia. Alilia kwa furaha, na alilia kwa hasira, na hakuweza kuzitenganisha.

Cherehani ya tatu ilichukuliwa na mwenye duka. Wakarudi kushona sare za shule na foronya za majirani. Baada ya wiki tatu, saa sita mchana, simu ikaita. Alikuwa Mheshimiwa mwenyewe, ananong'ona kama mtu aliyejificha kabatini.

"Fundi, njoo. Yamefika kitandani. Nimeita mafundi wanne, wanakata, yanarudi. Mke wangu amekimbia. Njoo sasa hivi. Taja bei yako, yoyote, nakulipa mkononi."

Nyuma ya sauti yake kitu kizito kilikuwa kinaburuta juu ya marumaru, kinasimama, kinaburuta tena.

Kiasi kilikuwa kwenye ncha ya ulimi wa Fundi, mpaka senti ya mwisho. Miezi yote alikuwa anaomba aulizwe swali hilo. Akamtazama mdogo wake, aliyekuwa anakata uzi kwa meno, makovu yakionekana vidoleni.

"Mheshimiwa," alisema, "mzigo ulishaupokea."

Akakata simu. Kisha akakaa akiitazama simu, kwa sababu hela zile bado alikuwa anazihitaji.